Daktari, inakuwaje wanampima panda mkojo miezi yote hiyo na bado hawajui kama ana mimba?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mtama, Lindi, anafuga mbuzi. Nalifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Kaka yangu yuko Ujerumani, juzi alienda kumuona yule mjusi wetu wa Tendaguru, ile dinosaria, kwenye makumbusho ya Berlin akanitumia picha, halafu akapita zoo ya hukohuko akawaona panda. Akaniambia yule mama panda alizaa mapacha 2024, na watu wa zoo walikuja kuwa na uhakika kwamba ana mimba siku kumi na moja tu kabla hajazaa. Mimi hapa Mtama nanunua kipimo cha buku duka la dawa, dakika tano nina jibu. Inakuwaje wazungu na maabara zao zote? Na je hivyo vipimo vya homoni vinaweza kunisaidia mimi, maana nina mbuzi tumbo kubwa, nimehesabu miezi mitano imepita na hajazaa."

Marahaba dada yangu. Kwanza mwambie kaka asante kwa kwenda kumuona mjusi, wazee wetu ndio waliobeba ile mifupa kichwani kutoka Tendaguru mpaka bandari ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kila mtu wa kwetu anayefika pale akasimama chini yake mimi roho yangu inafurahi. Mbuzi wako nitamfikia, ila niache nianze na panda kwasababu ukimuelewa panda, mbuzi wako utamuelewa kirahisi sana.

Homoni kwenye mkojo wa panda zinakuambia LINI, hazikuambii KAMA. Zinakuambia lini apandwe, baadaye zinakuambia lini mambo yataisha. Kama ndani kuna mtoto au hamna, hapo homoni zinanyamaza.

Sasa kile kipimo chako cha buku. Ile mistari miwili haipimi homoni ya mama, inapima homoni inayotoka kwenye mimba yenyewe, kile kijusi kikishajishikiza kwenye mji wa mimba kinaanza kumwaga homoni yake kwenye damu ya mama ikapita mpaka kwenye mkojo. Yani ni mtoto mwenyewe anapiga hodi. Bila mimba hiyo homoni haipo, ndio maana jibu ni ndio au hapana. Kwa panda hodi ya namna hiyo haijapatikana kwenye mkojo, kinachopimwa kinatoka kwenye ovari za mama, na ovari za panda zinafanya kazi ileile awe na mtoto au asiwe naye. Hapo ndio shida yote ilipo.

Turudi mwanzo. Ng'ombe akikosa kupandwa leo, baada ya siku 21 anarudi kwenye joto, mbuzi hivyohivyo, kwahiyo mfugaji ukikosea mwezi huu unajaribu mwezi ujao. Panda jike anaingia kwenye joto mara moja kwa mwaka, kati ya mwezi wa pili na wa tano, na katika hilo joto lake siku za kushika mimba ni moja, mbili, ikizidi sana tatu. Ukilala ukaamka imepita basi subiri mwakani. Na dume mwenyewe porini angesikia harufu na sauti akamtafuta, kwenye zoo mara nyingi wanaishi kila mtu na banda lake kwasababu panda ni mnyama wa kukaa peke yake, ukiwakutanisha siku ambayo siyo wanaumizana. Kwahiyo lazima ujue siku, ikiwezekana ujue saa.

Dalili za nje zipo. Anatembeatembea, chakula hakitaki, anajisugua ukutani kuacha harufu, anaingia kwenye maji, anatoa sauti nyembamba kama ya ndege na nyingine kama mbuzi kabisa, na dume akiwa karibu anarudi kinyumenyume mkia juu. Ila dalili za nje zinaweza kuchukua wiki nzima na wewe unatafuta saa chache ndani ya hiyo wiki, ndipo mkojo unapoingia.

Naomba nieleze kazi ya mkojo polepole kidogo maana watu wengi wanadhani panda anachomwa sindano kila siku. Hachomwi. Asubuhi anakojoa kwenye sakafu ya saruji kama mnyama mwingine yeyote, mhudumu anamsogeza chumba cha pili kwa kipande cha tofaa, anachuchumaa na bomba la sindano lisilo na sindano, anauvuta ule mkojo pale sakafuni kabla haujachanganyika na maji ya kuoshea, anatia kwenye kichupa, anaandika tarehe na saa. Maabara ya kwanza wanapima kreatinini, ambayo ni uchafu wa misuli unaotoka kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile kila siku. Kwanini? Kwasababu siku panda amekunywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi na homoni itaonekana imeshuka kumbe imezimuliwa tu, kwahiyo homoni inahesabiwa kwa kulinganisha na kreatinini, na usipofanya hivyo namba zako zote ni uongo. Halafu wanaweka tone kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kimepakwa kingamwili zinazoikamata hiyo homoni. Inatiwa na homoni nyingine ya maabara iliyofungwa na kimeng'enya cha kutoa rangi, zinagombania nafasi. Homoni ya panda ikiwa nyingi inachukua nafasi, ile ya maabara inakosa pa kukaa inasafishwa inatoka, rangi inakuwa hafifu. Kwahiyo kishimo kilichofifia ndicho chenye homoni nyingi, mwanafunzi wa kwanza kuona hiyo sahani huwa anasoma kinyume mpaka azoee.

Homoni inayotafutwa hapa ni estrojeni, au niseme mabaki yake maana mkojoni inatoka ikiwa imeshavunjwa. Inapanda taratibu kwa wiki moja mpaka mbili, inafika kileleni, halafu inaanguka haraka. Watu wakiona grafu wanafikiri kilele ndio siku yenyewe. Hapana. Ni ule mteremko, ikianza kuporomoka ndio yai linatoka, na hapo ndipo unamfungulia dume mlango au unafanya uhimilishaji, yani kumtia jike mbegu za dume kwa mrija. Sasa fikiria, utajuaje kwamba hiki ni kilele wakati kesho inaweza kupanda tena? Hujui mpaka ishuke, na ikishuka saa zinahesabika. Ndio maana siku hizo sampuli zinachukuliwa mara kadhaa kwa siku na watu wa maabara wanakesha, wengine wanalala hapohapo. Mimi nimewahi kukesha na ng'ombe wa mtu kwa ajili ya kupandisha kwa mirija, nikalalamika, na yule ana nafasi nyingine baada ya wiki tatu. Hawa wa panda nawavulia kofia.

Sehemu hii ya kwanza, ya LINI apandwe, homoni imefaulu sana. Watafiti walianza kufuatilia homoni za panda kwenye mkojo miaka ya 1980 mwanzoni, na panda wa kwanza kuzaliwa kwa uhimilishaji alikuwa Beijing 1978, kabla hata ya hapo. Kituo cha kuzalisha panda cha Chengdu, China, kilianza 1987 na panda sita waliookolewa porini, leo China ina mamia wanaofugwa.

Haya, amepandwa. Sasa inaanza sehemu ngumu.

Yai likishatoka, pale lilipotoka kwenye ovari panabaki tezi ndogo inayotengeneza projesteroni, homoni ya kulea mimba. Kwa panda hii projesteroni inapanda mara mbili. Mara ya kwanza inapanda kidogo na kukaa hapohapo wiki nyingi, miezi hata. Muda huu kama yai lilirutubishwa, kijusi kipo ila hakijajishikiza popote, kinaelea kwenye mji wa mimba hakikui, kama mbegu ya mbaazi uliyoifukia kabla ya mvua, ipo hai ila inasubiri. Halafu siku moja projesteroni inapanda kwa nguvu, mara ya pili, na ndipo watu wa zoo wanaanza kuhesabu, kwasababu kuanzia hapo zimebaki kama siku 40 mpaka 50. Kijusi kinajishikiza na kukua kwa takriban mwezi tu. Ndio maana mimba ya panda moja inachukua miezi mitatu nyingine mitano na zaidi, tofauti siyo ya kukua, ni ya kusubiri. Na ndio maana mtoto anazaliwa mdogo vile, wa pinki, kipofu, gramu mia na kitu, mama ana kilo mia. Wale mapacha wa Berlin aliokuambia kaka, wa Agosti 22, 2024, mmoja alikuwa gramu 169 mwingine 136. Shika ndizi moja ya kuiva mkononi ndio uzito wenyewe.

Sasa sikiliza hapa. Panda aliyetoa yai lakini HAKUSHIKA mimba, projesteroni yake inapanda mara ya kwanza, inakaa, inapanda mara ya pili, inashuka. Grafu ileile. Na mwili unaifuata, anapunguza kula, analala sana, anajilamba, anakusanya mianzi anatengeneza kiota, wengine wanabeba kipande cha karoti au mdoli wanakikumbatia kama mtoto. Projesteroni inashuka mpaka chini, watu wanakesha na kamera, siku ya kuzaa inafika, hamna kitu. Hiyo ndio mimba ya uongo, na kwa panda siyo ugonjwa, ni kawaida yake, karibu kila jike akitoa yai na asishike anapita humo.

Mwaka 2014 kule Chengdu kulikuwa na panda anaitwa Ai Hin, dalili zote alikuwa nazo, wakapanga mpaka kuonyesha uzazi wake mubashara kwenye televisheni, ikaonekana hana mimba, dunia nzima ikaandika kwamba panda kadanganya ili apewe kiyoyozi na maandazi. Hiyo habari ilinikera na inanikera mpaka leo. Mnyama yule hakudanganya mtu, mwili wake wenyewe ulimwambia ana mtoto, projesteroni ilikuwepo kweli kwenye damu yake. Ukimuona jike anakumbatia karoti usicheke.

Kuna na jambo la kusikitisha zaidi. Tian Tian wa Edinburgh, Scotland, alikaa kule tangu Desemba 2011 mpaka Desemba 2023. Mwaka 2013 alihimilishwa, vipimo vikaonyesha matumaini, zoo ikasema tunaamini ana mimba, mwezi wa kumi wakatangaza kwamba wanaamini ilikuwepo na imepotea. Kwa panda mimba ikiharibika mara nyingi huoni damu wala kitu, mwili unaifyonza ndanindani. Kwahiyo mwisho wa siku una majike matatu, mmoja ana mtoto, mmoja alikuwa naye kapotea, mmoja hakuwahi kuwa naye, na grafu zao za projesteroni ukizichanganya mezani hakuna mtaalamu wa kukuambia ipi ni ya nani.

Kuna vipimo vipya vinajaribu kutoboa huu ukuta. Kimoja kilianzia zoo ya Memphis, Marekani, wanapima protini inaitwa seruloplazmini, ambayo huwa inapanda mwili ukiwa unapambana na jeraha au ugonjwa ndani, wakakuta kwenye mkojo wa walioshika mimba inapanda mapema kabisa, wiki ya kwanza, na wa mimba ya uongo haipandi mapema hivyo. Mabaki ya prostaglandini, homoni ya kuanzisha uzazi, nayo yanafuatiliwa siku za mwishomwisho. Ni kazi nzuri mno, ila bado ni za kukupa uzito wa upande mmoja, siyo mistari miwili ya buku.

Kinachomaliza ubishi ni ultrasaundi, na hapo tena ile habari ya kusubiri inakurudia, maana kijusi kinachoelea hukioni, lazima kijishikize kikue kidogo, kwahiyo unaona wiki mbili tatu za mwisho tu. Na lazima panda akubali! Wanamfundisha miezi, alale chali, atulie, apakwe jeli tumboni huku anapewa maji ya asali. Halafu ukifika ule wakati muhimu homoni zinamfanya akatae kutoka kwenye kiota, mlango unafungwa kabisa. Kwenye zoo ya Washington mwaka 2020 panda jike Mei Xiang alihimilishwa Machi 22 kwa mbegu zilizogandishwa, wakati wa korona, alikuwa na miaka 22 ambayo kwa panda ni bibi, matumaini yalikuwa kidogo sana. Agosti 14 akakubali ultrasaundi, wakaona kitu. Agosti 21 akazaa. Siku saba! Berlin walihimilisha Machi 26, 2024, ultrasaundi Agosti 11, uzazi Agosti 22, kaka yako alisikia vizuri. Hao hawakuchelewa dada yangu, muda wenyewe wa kuona ndio mfupi hivyo.

Utaniuliza sasa homoni zina faida gani. Zina faida kubwa, kwasababu bila ile projesteroni ya pili usingejua wiki ipi uweke watu wa kukesha, lini uandae kiatamizi, lini uache kumsumbua mama. Nusu ya uzazi wa panda unakuwa mapacha na mama kwa kawaida analea mmoja tu, wa pili anamuacha, kwahiyo lazima mtu awepo pale saa hiyohiyo wawe wanabadilishana watoto, mmoja kwa mama mmoja kwenye kiatamizi. Sensa ya China iliyotangazwa 2015 ilihesabu panda 1,864 tu porini. Kitoto kimoja kikifa kwasababu hakuna aliyejua usiku wa kukesha, ni hasara kweli. Na njia hiihii haiko kwa panda peke yake, tembo wanafuatiliwa homoni kwa kinyesi bila kuguswa, hata wa msituni kama hawa wetu wa upande wa Liwale wangeweza kupimwa hivyo.

Sasa mbuzi wako.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa Mikindani kwa mzee mmoja, alfajiri, mbuzi wake tumbo lilikuwa kubwa miezi, kaandikiwa siku, kaamka kakuta banda limelowa maji mengi, mbuzi tumbo limekwisha kabisa, ananusa chini na kulia anatafuta mtoto, na mtoto hayupo. Hakuna kondo, hakuna damu, maji tu. Mzee alishawaza fisi, alishawaza na mambo ya watu. Nikachukua nyasi zile nikanusa, maji meupe safi hayana harufu ya uzazi. Ile ndio mimba ya uongo ya mbuzi, ile tezi ya projesteroni imegoma kuondoka, kizazi kimefungwa, maji yanajaa ndani mwezi baada ya mwezi, halafu siku inapogoma kuendelea mlango unafunguka yanamwagika. Mzee hakuibiwa na mtu. Ilichukua muda kumuaminisha, na yule mbuzi alilia siku mbili.

Kwahiyo kipimo cha projesteroni kwa mbuzi wako? Kikisoma chini, na hayuko kwenye saa za kuzaa, hiyo ni HAPANA ya uhakika, hana mimba, umeokoa muda. Kikisoma juu ni labda, inaweza kuwa mtoto, inaweza kuwa maji. Hapo umeshaona ni habari ya panda ileile. Ila mbuzi na ng'ombe wana bahati panda hana, kondo lao linatoa protini yake inayoingia kwenye damu na maziwa na inapimika, hiyo ndio hodi yao. Na ultrasaundi kwa mbuzi inaona kuanzia kama mwezi mmoja, maji matupu yanaonekana meusi bila mtoto wala vile vifundo vya kondo, hakuna ubishi.

Lakini kabla ya kutafuta mashine niambie, hiyo miezi mitano umehesabu kuanzia lini? Kama beberu analala nao banda moja na wewe umehesabu tangu siku uliyomuona anampanda, inawezekana siku hiyo hakushika, akarudi kwenye joto siku 21 baadaye usiku hujaona, ukiongeza hizo siku kwenye 150 bado hajachelewa. Mbuzi wengi ninaoitiwa "wamechelewa" ni hesabu hii. Shika kiwele, kama kinaanza kujaa na kukaza na chuchu zinang'aa, subiri kwa utulivu. Kama kiwele kimelala kama cha mtamba, asubuhi kabla hajala sukuma taratibu kwa ngumi ubavu wa kulia chini, mtoto wa miezi mitano utamsikia kitu kigumu kinarudi kukugonga, maji yanatikisika tu kama dumu.

Ikiwa ni maji kuna sindano ya kuyatoa, na hapa nakuomba sana. Sindano hiyo ni prostaglandini, inaua ile tezi ya projesteroni. Akiwa na maji yatamwagika na baadaye atarudi kwenye joto na kuzaa kama kawaida. Akiwa na mtoto, mtoto atatoka. Ndio maana usikubali mtu yeyote amchome kwa kukisia. Na wewe mwenyewe au mwanamke yeyote wa nyumbani mwenye ujauzito, au mtu mwenye pumu, asiishike hata chupa yake, inapenya kwenye ngozi na inafanya kwa binadamu inachofanya kwa mbuzi.

Nakuja Mtama Jumamosi kwenye chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Andika kwenye karatasi tarehe ya beberu na tarehe yoyote uliyomuona anatingisha mkia au kulialia, hata kama huna uhakika andika, na umwache bandani asiende machungani asubuhi hiyo mpaka nimshike tumbo.